Utepe wa Gatwekera

Pongezi zangu ziwaendee wahudumu wa afya ya jamii wa mtaa wa Gatwekera, wanaopita vichochoroni na utepe wa kupimia mkono mfukoni. Mzunguko wa mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59 ukiwa chini ya sentimita 11.5, rangi ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali: moja kwa moja kliniki. Huko mzani ndio unaoamua idadi ya pakiti za njugu zilizosagwa pamoja na maziwa na vitamini, kila moja gramu 92, kilokalori 500.

Lakini hesabu haiishii kwenye pakiti. Mtoto anayeharisha anaweza kula vizuri na bado akakonda, kwa kuwa utumbo haukifyonzi chakula ipasavyo. Ndiyo maana mhudumu hurudi, hupima tena, humwuliza mama kwa upole kama pakiti iligawanywa kwa ndugu za mtoto.