Umuuze Nani Ukiwa Unawania Kombe?

Nyota akibakisha miezi sita kwenye kandarasi, kanuni za FIFA zinamruhusu kuzungumza na klabu nyingine yoyote. Kufikia hapo bei yake imeshaporomoka, ndiyo maana viongozi hukimbilia kumuuza mapema, hata timu ikiwa inawania ubingwa. Mfugaji wa soko la mifugo la Garissa anaijua hesabu hiyo. Anauza kabla ukame haujafika, dalali akishika nundu angali anakuta mafuta. Lakini hutanguliza madume. Mitamba na ng'ombe wa maziwa hubaki, kwa sababu ndio watakaolijaza boma tena mvua ikirudi.

Simba ya Dar es Salaam haikuchagua hivyo Agosti 2021. Ilikuwa bingwa mara nne mfululizo na imetoka kucheza robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Katika dirisha moja ikamuuza Luis Miquissone kwa Al Ahly na Clatous Chama kwa RS Berkane. Pesa ilikuwa nzuri, ila wawili hao walikuwa wakifanya kazi moja. Chama alishuka kuupokea mpira kati ya kiungo na ulinzi. Beki akimfuata, nyuma yake panafunguka njia ya Miquissone. Asipomfuata, Chama anageuka na kupiga pasi ya mwisho. Walipoondoka pamoja, mabeki wa ligi nzima wakapumua. John Bocco, Meddie Kagere na Chris Mugalu walibaki mbele wakingoja mipira isiyofika. Pape Sakho alikuja na kipaji cha kweli, lakini maelewano hayanunuliwi.

Oktoba, Simba ilishinda 2-0 ugenini dhidi ya Jwaneng Galaxy ya Botswana, kisha ikafungwa 3-1 nyumbani na kutolewa Ligi ya Mabingwa kwa mabao ya ugenini. Januari 2022 ikamrudisha Chama. Ubingwa wa ligi ulikwenda kwa mahasimu wao Yanga, tena bila kupoteza mechi.

Yanga nayo ilimuuza Fiston Mayele kwa Pyramids mwaka 2023, baada ya mabao 17 ya ligi na fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Hafiz Konkoni, aliyeletwa kushika nafasi yake, hakufaa. Hata hivyo wapishi wa mabao walikuwepo: Aziz Ki alibaki, Pacôme Zouzoua na Maxi Nzengeli wakaongezwa. Aziz Ki akafunga 21, Yanga ikatetea taji, na Mamelodi Sundowns ikaitoa robo fainali ya Ligi ya Mabingwa kwa penalti tu.

Chama alipohamia Yanga bure mwaka 2024, mashabiki wa Simba waliumia sana. Kwa hesabu, hasara ilikuwa ndogo: alikuwa na miaka 33, na ada yake kubwa ilishalipwa 2021. Mwaka huo wa 2021 mimi ningemuuza Miquissone peke yake, aliyekuwa na miaka 26 na bei iliyo juu, nikabaki na Chama hata kama angeondoka bure baadaye.