Pongezi kwa Mabaraza ya Wavuvi

Katika visiwa vya kaskazini mwa mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, Macaloe na Vamizi vikiwamo, utawala bora huanza na swali moja: nani anaamua juya lishushwe wapi? Kanuni za uvuvi wa baharini za mwaka 2003 ziliyatambua mabaraza ya jamii ya uvuvi, yanayojulikana huko kwa kifupi kama CCP, ili wavuvi wasimamie maji yao pamoja na serikali. Jamii ya Vamizi iliitumia nafasi hiyo kutenga sehemu ya miamba isivuliwe. Hapo sheria, uamuzi wa jamii na kitoweo vimekutana, na mabaraza yanastahili pongezi.

Wapo wanaosema kufunga mwamba ni kumnyima maskini riziki. Lakini tazama chandarua kilichoshonwa kuwa wavu: kikikokotwa juu ya majani ya bahari hukomba samaki wachanga wasiotosha hata sufuria moja. Samaki jike aliyeachwa akue hutaga mayai mengi kuliko wadogo kadhaa kwa pamoja. Wengine husema baraza halina meno mbele ya wavuvi wageni wanaopiga kambi, na kwamba vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vimewatawanya watu. Ni kweli. Ila doria peke yake haiwezi kulinda kila mwamba. Mwenyeji aliyeshiriki kutunga kanuni ndiye huisimamia. Serikali basi iyape mabaraza mashua, mafuta na sauti katika maamuzi makubwa ya bahari.