Mwandishi au Mtunzi? Herbie Hancock na Deni la Majina

Hapa chuoni, ukitaja jina la Herbie Hancock mbele ya watu wanaojifanya kuujua muziki wa jazi, aghalabu utasikia hukumu moja tu. Watakwambia kwamba huyu bwana alikuwa msanii hasa mpaka mwaka 1973, halafu akaiuza sanaa yake. Wenzangu ninaokaa nao chumba kimoja hosteli waliwahi kubishana juu ya jambo hili hadi saa nane usiku, mmoja akimwita msaliti, mwingine akimwita mjanja wa mjini. Mimi usiku ule nilikuwa upande wa “msaliti”. Makala haya yana nia ya kueleza kwa nini nimeuhama upande huo, na kwa nini hata hivyo sikuhamia upande wa pili.

Tuanze na historia, japo kwa ufupi. Hancock alizaliwa Chicago, Marekani, mwaka 1940. Akiwa na umri wa miaka 11 alipiga piano kazi ya Mozart pamoja na okestra kubwa ya mji huo. Chuoni alianza na masomo ya uhandisi wa umeme kabla ya kuhamia muziki, na anayezifuatilia kazi zake ataona kwamba yule mhandisi hakupata kufa. Mwaka 1962 alitoa santuri yake ya kwanza, Takin' Off, na mwaka uliofuata Miles Davis akamchukua katika kundi lake la watu watano. Ni huyo Miles aliyemsukumia kwenye vinanda vya umeme. Hancock mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi alivyoingia studio siku moja, akatafuta piano asiione, akaonyeshwa kinanda cha Fender Rhodes pembeni. Hakukitarajia kitu kile. Alipokigusa, kumbe akakipenda.

Sasa tunafika mahali panapotuhusu sisi tunaosoma na kuandika kwa Kiswahili. Mwaka 1971 Hancock alitoa santuri inayoitwa Mwandishi. Hilo si jina la wimbo, ni jina alilojichukulia yeye mwenyewe. Miaka ile Wamarekani wengi weusi walikuwa wakitafuta lugha ya Kiafrika ya kujiita kwayo, na wengi waliichagua lugha yetu. Kwanzaa, sikukuu aliyoianzisha Maulana Karenga mwaka 1966, ina nguzo zake saba kwa Kiswahili. Kutokana na vuguvugu hilo, mpiga ngoma James Mtume aliwapa wanamuziki wenzake majina. Mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji. Mpiga dramu Billy Hart akawa Jabali. Bennie Maupin wa saksafoni akawa Mwile, Julian Priester wa tromboni akawa Pepo Mtoto. Eddie Henderson wa tarumbeta akawa Mganga, na hapo jina lilikaa sawasawa, maana kweli alikuwa daktari.

Mswahili akiyasoma majina haya hawezi kukosa kutabasamu. Kwetu mwenye gitaa hachezi, anapiga; anayecheza ni yule aliye katikati ya ukumbi. Mwile tungesema mwili. Lakini tusicheke sana, maana majina haya yalivaliwa kwa heshima. Linalonishughulisha mimi ni hili la Mwandishi. Kwa nini si Mtunzi? Katika darasa la ushairi tunafundishwa kutofautisha. Mtunzi ndiye anayeutoa utenzi kichwani mwake. Mwandishi anaweza kuwa ndiye, lakini anaweza pia kuwa mtu wa pili aliyeketi na kalamu akaandika maneno ya mwingine. Mwandishi wa mkutano hayatungi maamuzi ya mkutano. Mwandishi wa habari haizui habari, au tuseme hatakiwi kuizua. Hilo jina, kwa Kiswahili, lina wajibu ndani yake: ueleze umeandika maneno ya nani.

Tukiangalia fani ya kazi za kundi hilo (Mwandishi, kisha Crossings ya 1972, kisha Sextant ya 1973), tunakuta muziki mgumu. Wimbo wa kwanza wa Mwandishi, uliotungwa kwa heshima ya Angela Davis aliyekuwa gerezani wakati ule, unazunguka katika mapigo 15, na mguu wa msikilizaji unatafuta pa kukanyaga bila kupapata. Wimbo mmoja wa Crossings unajaza upande mzima wa santuri. Patrick Gleeson aliongezwa kundini kwa ajili ya mitambo ya kutengeneza sauti kwa umeme. Ni kazi nzuri, nami naipenda. Ila wanunuzi walikuwa wachache, na Hancock alikuwa akilichangia kundi kutoka mfukoni, kwa fedha za haki zake za utunzi. Mwaka 1973 akalivunja.

Mwaka uleule ikatoka Head Hunters. Katika kundi la zamani alibaki Maupin peke yake. Sasa kuna fanki, besi nzito, mdundo ambao hata asiyejua jazi ataucheza. Wimbo wa kwanza unaitwa “Chameleon”, yaani kinyonga, na ile besi yake maarufu haikupigwa kwa gitaa. Aliipiga Hancock mwenyewe kwenye kinanda cha umeme. Santuri iliuzwa kupita nakala milioni moja. Wahakiki wakaanza kulia: amejiuza!

Kilio hicho sisi wa fasihi tunakijua. Ni kilekile kinachoirushia mawe fasihi pendwa: kitabu kikisomwa na makondakta wa daladala, basi hakiwezi kuwa sanaa. Hoja hii ni dhaifu kwa sababu inamhukumu msanii kwa hesabu za duka badala ya kuisoma kazi yenyewe. Hebu basi tuisome kazi.

Ndani ya Head Hunters kuna wimbo “Watermelon Man”, uleule alioutoa mwaka 1962. Asili yake ni muuza matikiti wa Chicago, na magurudumu ya mkokoteni wake yakigonga mawe ya vichochoro. Toleo la 1962 ni la piano, tarumbeta na saksafoni, lenye furaha, lisilo na makuu. Toleo la 1973 linaanza na kitu kingine kabisa: pumzi na sauti ya mtu vikipokezana, noti moja ya filimbi, kisha sauti, kisha filimbi. Halafu besi inaingia polepole, na wimbo wa zamani unatokea kama mtu unayemfahamu aliyerudi kijijini baada ya miaka kumi. Huyu si mtu aliyeuza kazi yake. Ni mtu aliyeiandika upya, akaipa mwendo mwingine na wasikilizaji wengine. Kwa hiyo shtaka la usaliti nalifuta.

Lakini ile pumzi ya mwanzo imetoka wapi? Bill Summers aliipiga kwa kupuliza chupa ya bia, akiiga hindewhu, muziki wa Waba-Benzélé wa misitu ya Jamhuri ya Afrika ya Kati. Wao hutumia kijifilimbi cha noti moja kinachotengenezwa kwa mpapai, na mpigaji hupokezana nacho kwa sauti yake. Alikuwa ameusikia katika santuri iliyorekodiwa na mtaalamu Simha Arom na kutolewa mwaka 1966. Sisi tuliokulia vijijini tuliwahi kukata bua la jani la mpapai tukalipuliza, kwa hiyo tunajua lilivyo jepesi kupatikana. Muziki uliotolewa humo sio mwepesi. Na ukitafuta majina ya watunzi wa “Watermelon Man”, utamkuta Hancock. Waba-Benzélé hawamo.

Mwenzangu mmoja, nilipomwambia hivi, alinijibu: “We bwana, hiyo si ndiyo mapokeo? Muziki wa kijiji hauna mwenyewe. Na hawa ni ndugu zetu waliochukuliwa utumwani, wamerudi kuchukua chao.” Hoja hii ina uzito, na sitaki kuipita juu juu. Ningeikubali yote kama isingekuwa mambo mawili.

Kwanza, Hancock alijua thamani ya jina tangu ujana wake. Aliporekodi Takin' Off, akiwa na miaka 21 au 22, kampuni ilitaka sehemu ya haki za nyimbo zake. Mpiga tarumbeta Donald Byrd alikuwa amemwonya asikubali, naye akakataa. Mongo Santamaría alipoupiga “Watermelon Man” mwaka 1963, wimbo ukashika chati za Marekani, na fedha zikaenda kwa aliyestahili. Pili, mwaka 1994 Madonna alitumia vipande vya toleo la 1973 katika wimbo wake “Sanctuary”, na Hancock akatajwa miongoni mwa watunzi. Kwa hiyo utaratibu wa kutaja upo, na unafanya kazi. Isipokuwa unapofika msituni.

Hapa ndipo ninapoachana na wenzangu wote wawili. Kosa la 1973 si kuuza. Msanii ana haki ya kula. Kosa ni kutotaja, na linamuuma zaidi aliyejiita Mwandishi kuliko lingemuuma mwingine yeyote. Washairi wetu wa zamani walipofika beti za tamati walizoea kutaja jina na mahali walipo, ili msomaji ajue maneno yametoka kwa nani. Wale wa misituni hawakupewa ubeti wa namna hiyo.

Simvui sifa zake. Hata “Rockit” ya 1983, iliyoingiza mikwaruzo ya santuri ya DJ masikioni mwa dunia, ni kazi ya mtu asiyechoka kujifunza, na mwaka 2008 alipewa Grammy ya albamu ya mwaka kwa River: The Joni Letters, ambayo jina lake lenyewe linamtaja Joni Mitchell anayeenziwa humo. Anapotaka kutaja, anataja vizuri.

Naomba tu tukiandika tasnifu zetu za mwaka wa tatu tulikumbuke hili. Tunakwenda vijijini na simu zetu, tunarekodi nyimbo za jando, nyimbo za kutwanga, hadithi za bibi. Kisha ukurasa wa kwanza unakuwa na jina la mwanafunzi na la msimamizi, na bibi anaitwa “mtoa taarifa namba 4”. Mimi wa kwangu nimempigia simu wiki iliyopita kumwuliza kama anapenda jina lake liandikwe. Alicheka, akaniuliza kwani nilifikiri nyimbo zile ni za nani.