Maria Aliuliza

Jioni moja ya Majilio, hapa Kasugho, mvua ilituzuia ndani baada ya sala ya jumuiya. Tulikuwa tumesoma habari ya malaika Gabrieli na Bikira Maria kwa mwanga wa tochi ya simu. Biblia ilikuwa moja, ikapita mkono kwa mkono. Mama mmoja, aliyekimbia vita na wanawe akapokelewa nyumba ya jirani, akasema taratibu: "Sasa sisi itakuwaje?" Hakuwa akigombana na mtu. Alikuwa na watoto, hakuwa na shamba, na Noeli ilikuwa mlangoni. Aliyeongoza sala, mtu mwema ninayemheshimu, akamjibu kwa upole: "Mama, tumwige Maria. Yeye hakuuliza, alikubali tu." Mama akanyamaza. Akavuta kitenge, akamfunika mtoto aliyelala mapajani mwake.

Nilirudi nyumbani nikaifungua tena sura ya kwanza ya Injili ya Luka. Maria aliuliza. Swali lake limekaa katikati kabisa ya simulizi, na nitakavyoonyesha, simulizi nzima imening'inia juu yake. Ndiyo maana nimeona niandike uhakiki huu wa fani ya masimulizi yale: namna Luka alivyoyasuka, maneno aliyoyachagua, na namna Kiswahili chetu kilivyoyapokea. Tukiishika fani vizuri, imani ya Maria itaonekana kwetu tofauti na tulivyozoea kuisikia.

Tuanze na chanzo cha kosa, maana mtu yule hakulibuni. Masikio yetu yamelelewa na kengele. Asubuhi, adhuhuri na jioni Wakatoliki husali Malaika wa Bwana, na sala hiyo ina nguzo tatu: malaika analeta habari, Maria anakubali, Neno anatwaa mwili. Kati ya nguzo na nguzo tunasali Salamu Maria. Ni sala nzuri, fupi, ya kushikwa na mkulima aliyesimama na jembe lake shambani. Lakini ufupi una gharama yake. Kutoka nguzo ya kwanza hadi ya pili, sala imeruka hofu ya Maria, imeruka kutafakari kwake, imeruka na swali lake. Anayeisali mara tatu kwa siku maisha yake yote anaweza kuamini kwamba habari ilipofika tu, jibu lilitoka papo hapo. Luka hakuandika hivyo.

Luka alijenga sura hii kwa usambamba. Kabla ya Maria ametuletea Zakaria. Habari mbili, malaika mmoja, hatua zilezile: malaika anatokea, mtu anafadhaika, anaambiwa asiogope, anatangaziwa mtoto na jina la mtoto, anauliza, anajibiwa. Msomaji wa Agano la Kale anaujua msuko huu tangu wito wa Musa na wa Gideoni. Mwandishi anapotumia umbo lilelile mara mbili mfululizo, anatutaka tutazame tofauti.

Mandhari yanatofautiana kwanza. Zakaria yuko Yerusalemu, ndani ya hekalu, zamu yake ya kufukiza uvumba, na umati unasali nje. Maria yuko Nazareti ya Galilaya, mji ambao Agano la Kale lote halikuutaja hata mara moja. Mtu wa Kasugho ataelewa uzito wa jambo hili bila kufafanuliwa. Sisi tulio upande huu wa Lubero, njia inakoshuka kuelekea pori la Tayna, tunajua maana ya kuishi mahali ambapo habari kubwa hazitazamiwi kutokea. Luka anamtoa malaika hekaluni na kumleta kijijini, wala haombi radhi.

Tofauti ya pili ni ndogo kama herufi mbili, na hapo ndipo Kiswahili kinapong'aa. Katika Biblia ya Union Version iliyokamilika mwaka 1952, swali la Zakaria linaanza na neno "nitajuaje". Swali la Maria linaanza na "litakuwaje". Yatazame maneno hayo mawili. Yote yana "-ta-" ya wakati ujao, yote yanaishia na "-je" ya kuuliza. Mbali na kitenzi chenyewe, kinachoyatenga ni kiambishi cha mwanzo. Zakaria ameanza na "ni-", yaani mimi: mimi nitapata wapi uhakika? Maria ameanza na "li-", yaani lile neno, jambo lenyewe: litapita njia gani hata litimie? Mmoja amejiweka yeye kuwa mtenda wa sentensi, na neno la Mungu limekuwa kitu cha kuchunguzwa. Mwingine amelipa neno kiti cha mtenda. Hajasema bado kwamba amekubali, lakini sarufi yake imeshalifungulia neno mlango.

Kwa hiyo si kweli kwamba imani huuliza pungufu ya mashaka. Wote wawili waliuliza. Zakaria akafungwa ulimi hadi mtoto alipopewa jina, Maria akajibiwa kwa ukamilifu. Tofauti yao imo ndani ya swali, katika nani amewekwa mbele.

Sasa tuhesabu zamu za mazungumzo. Malaika anasema mara tatu, Maria mara mbili. Mahali ambapo tungetarajia neno lake la kwanza pana ukimya: Luka anasema alifadhaika, akawaza salamu ile ni ya namna gani. Na salamu yenyewe ilistahili kuwazwa, kwa sababu malaika hakumwita kwa jina. Alimwita kwa sifa, kama mtu aliyejaliwa neema, na jina "Mariamu" linakuja baadaye, katika usemi wa pili. Kwetu, mtu mzima akimsalimu binti mdogo kwa heshima kubwa kuliko umri wake, binti husimama akajiuliza anatakiwa nini. Maria naye alisimama. Hatua tatu za imani yake, kwa mpangilio wa Luka, ni hizi: kunyamaza na kutafakari, kisha kuuliza, kisha kukubali. Anayefundisha hatua ya tatu pekee amevunja ngazi akabaki na kipago cha juu.

Msuko pia unalidai swali hilo. Jaribu kuliondoa uone kinachobaki. Lisipoulizwa, malaika hana sababu ya kueleza habari za Roho Mtakatifu na kivuli cha Aliye Juu. Asipoeleza hayo, hafiki kwenye habari ya Elisabeti, jamaa ya Maria, ambaye uzeeni yuko mwezi wa sita wa mimba. Habari ya Elisabeti isipotajwa, hakuna safari ya milimani. Pasipo safari hakuna kukutana kwa mama wawili, na pasipo kukutana hakuna wimbo wa Maria ambao Kanisa linauimba kila jioni katika masifu yake. Swali moja la binti wa kijijini limezaa zaidi ya robo ya sura.

Ndipo linakuja jibu lake. Hapa tafsiri zetu zinaachana, na mhakiki hana budi kupima. Union Version imeandika "mjakazi" na "iwe". Sala ya Malaika wa Bwana, kama Waswahili wengi wanavyoisali, ina "mtumishi" na "nitendewe". Tuyachukue mojamoja.

"Mtumishi" ni neno laini. Leo mchungaji ni mtumishi, mbunge hujiita mtumishi wa wananchi. Halionyeshi mwanamume wala mwanamke. "Mjakazi" ni neno gumu: ni mtumwa wa kike, na ndivyo lilivyo neno la Kigiriki aliloliandika Luka. Ninaelewa kwa nini wengi wamelikwepa. Kiswahili kilifika upande huu wa Kongo katika karne ya 19, pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyopanda kutoka pwani. Neno "mjakazi" lilifika likiwa na wanawake halisi nyuma yake. Hata hivyo nalipendelea, kwa sababu ya neno linalolifuata: Maria ni wa Bwana. Aliyejitangaza kuwa mali ya Mungu amekwisha kuwanyima wote wengine hati ya kummiliki. Katika nchi ambayo wanawake wametekwa na watu wenye silaha, kauli hiyo haifundishi unyonge. Inawaambia wenye bunduki kwamba mwanamke huyu ana mwenyewe, na si wao.

"Nitendewe" limemweka Maria upande wa kupokea, kitenzi kikiwa katika kauli ya kutendewa. Si kosa, maana neema hupokelewa. Lakini Luka ametumia kitenzi cha kuwa, katika hali ambayo Kigiriki huitumia kwa kutamani na kuomba jambo litokee. Kiswahili kina hali hiyo, ile "-e" ya mwisho tunayoitumia tukisema "aje", "ipone", "inyeshe". Mkulima anayetazama mawingu akisema "inyeshe" hajakata tamaa: anaitaka mvua. Ndivyo "iwe" la Maria linavyosikika. Hukumu yangu ni kwamba Union imemsikia Luka vizuri zaidi katika maneno yote mawili.

Baada ya hapo Luka anaandika sentensi fupi sana: malaika akaondoka. Wasomaji wengi huipita kama mlango unaofungwa. Mimi naiona kuwa sentensi nzito kupita zote, kwa sababu katika Injili ya Luka malaika huyo hamrudii Maria tena. Wachungaji wa Bethlehemu watawaona malaika, yeye atazisikia habari hizo kwa wachungaji. Miezi tisa ya mimba, safari, zizi, na hata msalaba, vyote atavipita akiwa na neno alilosikia mara moja. Majilio yetu yanafanana na miezi ile. Aliyekubali jana anaamka leo hakuna malaika chumbani, kuna kuni za kutafuta.

Na alichofanya Maria baada ya malaika kuondoka ni kuondoka yeye pia. Akaenda kwa haraka hadi nchi ya milima ya Yuda, mwendo unaozidi kilomita 100. Elisabeti anampokea kwa maneno yenye mgeuko wa fani unaopita upesi. Kwanza anasema naye uso kwa uso, kwa nafsi ya pili. Halafu, anapofika kwenye imani yenyewe, anahamia nafsi ya tatu: amebarikiwa yeye ambaye ameamini. Katika Kigiriki umbo hilo ni la kike. Kiswahili, ambacho hakibagui jinsia katika "aliyesadiki", kimeifungua baraka hiyo kwa yeyote aketiye kanisani, baba au mama, mtoto au mzee. Kile tulichopoteza katika "mtumishi" tumerudishiwa hapa. Na kumbuka baraka hii inatamkwa ndani ya nyumba ya Zakaria, mume aliyefungwa ulimi kwa kutoamini.

Wimbo wa Maria nao una sarufi ya kushangaza. Unaanza na nafsi moja, roho yake yeye, na unaishia kwa Abrahamu na uzao wake wote. Katikati, wakuu na wanyonge, wenye njaa na wenye mali wamepangwa kwa kupishana: wa juu anashuka, wa chini anapanda, mtupu anajazwa, aliyejaa anaondoka mtupu. Vitenzi vyake katika Union vimebeba "-me-", kana kwamba kazi imekwisha na matokeo yake yanaonekana. Lakini Herode alikuwa bado kitini. Maria si mtu asiyejua hali ya nchi yake. Ni mtu anayeipima nchi kwa neno alilopewa.

Kwetu kuna aliyeisoma Noeli namna hiyo. Emmanuel Kataliko, aliyeliongoza jimbo Katoliki la Butembo-Beni kwa miaka 30 hivi kabla ya kupelekwa Bukavu mwaka 1997, aliwaandikia waamini wake ujumbe wa Noeli tarehe 24 Desemba 1999. Aliwafariji, na papo hapo akataja wazi unyonyaji na uonevu uliokuwa ukiitafuna Kivu chini ya vita. Februari 2000 uongozi wa waasi ulimzuia kurudi Bukavu, akakaa Butembo kama mhamishwa hadi Septemba. Alifariki tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo. Kwake kumngojea Bwana na kuuliza habari za watu wake kulikuwa jambo moja.

Kwa hiyo ninamrudia yule mama wa kitenge. Neno lake lilikuwa "itakuwaje". La Maria lilikuwa "litakuwaje". Yalikuwa karibu sana, nasi tukamnyamazisha. Tungelimjibu kama malaika alivyojibu: kwa kumweleza tunachokijua, kwa kumtajia jirani aliye katika hali kama yake, na kwa kumsindikiza hadi kwake.

Wasomaji wa Misa, Injili hii itakuja mikononi mwenu tarehe 8 Desemba na tena tarehe 20. Nanyi viongozi wa jumuiya mtaisoma majumbani. Nawaomba, mkifika kwenye swali la Maria msilipite mbio. Lisomeni kwa sauti, mtulie kidogo, kanisa lisikie kwamba aliuliza. Kisha endeleeni.