Talanta iliyofungwa sandukuni: picha za Vivian Maier

Zamani mtu aliyetaka picha ya arusi au ya komunyo ya kwanza alimwita fundi, akasimama wima mbele yake bila kucheka, kisha akangoja siku nyingi kabla ya kuiona sura yake. Leo kijana mwenye simu hupiga picha mia kwa siku moja, na kabla jua halijatua amekwisha kuzionyesha kwa watu wa nchi za mbali. Wengine hujiunga na makundi ya wapenda picha kwa njia ya intaneti: kila mmoja huleta picha yake, na wenzake huitazama na kusema neno. Je, desturi hiyo yafaa? Yaweza kumfundisha mtu kazi? Tumeona vema kulipima jambo hilo kwa habari ya kweli ya watu wawili wa Chicago, huko Marekani. Mmoja alikuwa na jicho la kupiga picha, lakini hakuwa na wenzake. Wa pili alipata wenzake kabla ya kuwa na jicho.

Wa kwanza ni Vivian Maier. Alizaliwa New York mwaka wa 1926. Mama yake Mfaransa, baba yake mtu wa Austria. Alikaa miaka kadhaa ya utoto katika milima ya Ufaransa, akarudi New York mwaka wa 1951, na mwaka wa 1956 akahamia upande wa Chicago. Kazi yake ilikuwa kulea watoto wa watu wengine. Kila alipotoka nao kutembea, kamera ilining'inia shingoni mwake. Mwaka wa 1959 alifunga safari peke yake, akafika Ufilipino, India, Misri na nchi nyingine, akipiga picha kila mahali. Hivyo alipiga picha zaidi ya 100,000. Nazo alimwonyesha nani? Karibu hakuna. Filamu nyingi hata hakuzisafisha, zikabaki zimefungwa vilevile kama zilivyotoka katika kamera.

Alipozeeka alishindwa kulipa kodi ya chumba alimoweka mizigo yake. Mwaka wa 2007 vitu vile vikauzwa kwa mnada. Hapo anaingia mtu wetu wa pili, kijana John Maloof. Alikuwa akitafuta picha za zamani za mtaa wake kwa ajili ya kitabu, akanunua sanduku la filamu kwa karibu dola 400. Picha za mtaa wake hakuzipata, akaliweka sanduku kando. Baadaye akalifungua tena, akazitazama filamu polepole. Hakuwa fundi wa picha. Lakini moyo wake ulimwambia kwamba vitu hivi si vya kutupa.

Akafanya nini? Mwezi wa kumi mwaka wa 2009 alikwenda kwa wapenda picha za barabarani waliokuwa wakikutana katika Flickr, mahali pa intaneti palipoanzishwa Kanada mwaka wa 2004. Akawaonyesha baadhi ya picha, akawauliza: hizi ni kitu gani, nami nizifanyeje? Majibu yakamjia kwa wingi. Watu wasiomjua walimweleza kwamba ameokota mali kubwa. Naye Maloof hakuishia hapo. Alinunua kamera ya namna ile ile, akaenda katika barabara zile zile, akajaribu kupiga picha kama zile. Hapo ndipo alipoelewa ugumu wake. Lakini Vivian mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki, tarehe 21 Aprili 2009. Hakusikia neno hata moja la sifa hizo.

Sasa tuzitazame picha zenyewe. Tusiridhike na hadithi ya sanduku, maana hadithi nzuri haigeuzi picha mbaya kuwa nzuri.

Kwa miaka mingi Vivian alitumia Rolleiflex. Kamera hiyo haishikwi machoni. Hukaa kifuani au tumboni, na mpiga picha huinamisha kichwa kutazama kioo kilicho juu yake. Jambo hilo lina maana kubwa. Mtu anayepigwa picha haoni jicho limezibwa na chombo; anamwona mwanamke aliyeinamisha kichwa. Tena picha hupigwa kutoka chini kidogo. Basi mzee maskini aliyekaa kizingitini huonekana mrefu, na mtoto huonekana ana cheo. Hakuna anayetazamwa kwa kudharauliwa. Tunaijua picha moja ya mtoto wa kike: uso umechafuka, machozi hayajakauka, mikono ameikunja, na saa ya mkononi imemfunga kama mtu mkubwa. Anatutazama sawasawa bila kuomba huruma. Aliyepiga picha ile alijua watoto, maana aliishi nao kila siku. Fundi mgeni angalimwambia mtoto acheke.

Kuna pia picha alizojipiga mwenyewe. Hizo ni nyingi: sura yake katika kioo cha duka, kivuli chake juu ya majani, uso wake katika kioo kinachobebwa na mfanyakazi njiani. Karibu zote hachekelei. Watu wengine husema ni majivuno. Sisi hatuoni hivyo. Mtu mwenye majivuno huzipeleka picha zake kwa watu, huyu alizificha. Kwetu zinafanana zaidi na alama ya mtu anayesema: nami nilikuwako, ingawa hamkuniona. Mtumishi wa nyumbani husikia maneno hayo moyoni mara nyingi.

Lakini mhakiki asiyeona kasoro hamsaidii msomaji. Kasoro ya kwanza ni hii: kati ya picha zake zimo za walevi, za watu waliolala barabarani, za wenye huzuni, walionyang'anywa sura yao kwa ghafula. Zile ambazo mtu anamtazama Vivian, tunazipenda. Zile ambazo mtu amelala wala hajui, zinatutia mashaka. Maskini ni jirani yetu, na sura yake ni mali yake ya mwisho.

Kasoro ya pili yatoka katika upweke wake. Fundi hukua kwa kutazama kazi yake, kuchagua, kutupa, kuanza tena. Mtu asiyesafisha filamu zake ataonaje kosa lake? Picha zake za rangi za miaka ya baadaye, kwa maoni yetu, hazina utulivu wa zile za kwanza. Mara kwa mara tunamwona akirudia jambo alilokwisha kulisema vizuri zaidi. Kama angalikuwa na rafiki mmoja wa kumwambia, "Hii ni nzuri, ile iache," angalifika mbali zaidi. Wala si kweli kwamba hakutamani kamwe. Iko barua aliyomwandikia mchapaji picha mmoja katika bonde la mama yake huko Ufaransa, kuhusu kuchapa picha zake. Kumbe mlango aliugusa, asiufungue.

Tena jambo jingine lafaa kukumbukwa. Picha tunazozisifu leo, karibu zote zimechaguliwa na watu wengine. Mwenyewe angalichagua zipi? Hakuna ajuaye. Mwaka wa 2011 zilionyeshwa katika Chicago Cultural Center. Mwaka wa 2013 ikatoka filamu ya sinema, "Finding Vivian Maier," iliyotengenezwa na Maloof pamoja na Charlie Siskel. Sinema hiyo ina sifa ya kutoficha ukweli: baadhi ya waliolelewa naye wanasema alikuwa mkali, hata wakaumia. Hapo tunafundishwa kwamba kipaji cha mkono hakifuti makosa ya moyo. Lakini sinema hiyo hupekua mno mifuko ya marehemu, risiti zake na viatu vyake, wakati tungependa kukaa zaidi mbele ya picha. Mwaka wa 2014 likazuka na shauri mbele ya mahakama: haki za picha hizi ni za nani? Ndivyo inavyokuwa mtu anapokufa bila kusema neno juu ya mali yake.

Turudi sasa kwa vijana wetu wenye simu. Bwana wetu alisimulia mfano wa mtumishi aliyechimba shimo akaificha talanta yake kwa hofu. Vivian hakuwa mvivu kama yule. Alifanya kazi miaka arobaini. Hata hivyo matunda yake yalifungwa sandukuni, na mnada ndio uliolifungua. Kwa hiyo hatuwezi kuwaambia vijana: kaeni peke yenu. Waende kwa wenzao.

Lakini waende namna gani? Tazameni alivyokwenda Maloof. Aliingia na swali. Hakuingia kutafuta sifa. Wengi huingia kwa njia nyingine: huweka picha ya arusi ya binamu, hungoja alama za moyo, huzihesabu, hulala na furaha, na kesho hupiga picha ile ile tena. Wazee walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Alama elfu za moyo hazikuambii kwamba umekata miguu ya bibi arusi, au kwamba jua lilikuwa nyuma yake. Rafiki mmoja mkweli atakuambia. Na ukimpata rafiki huyo, usimkasirikie.

Liko na jambo la pili, nalo ni zito kwetu katika Kongo. Kuna picha ambazo hupata sifa upesi: mtoto mwenye njaa, mama aliyekimbia vita, maiti njiani. Mpiga picha anayetafuta sifa atazifuata hizo kama nzi. Kabla ya kuzitoa, na ajiulize: mtu huyu ananitazama? Amekubali? Kama angalikuwa mama yangu, ningaliipeleka picha hii kwa wageni? Kundi jema la wapenda picha ni lile linalothubutu kuuliza hayo. Kundi linalopiga makofi tu ni soko.

Kwa hiyo, ndugu vijana, pigeni picha. Pigeni ya baba akishona viatu, ya wanakwaya wakijaribu wimbo, ya bibi akichambua mboga. Inameni kidogo kama Vivian, ili aliye mbele yenu aonekane mrefu. Kisha zichagueni: katika mia bakizeni tano. Hizo tano zipelekeni kwanza kwa mtu mwenyewe mliyempiga, azione na kusema neno lake. Baadaye zipelekeni kwa wenzenu, mkiwauliza kosa liko wapi.