Waashi wa Minara Miwili

Anayeingia Unguja kwa boti huiona minara miwili kabla hajautambua mlango wa nyumba yoyote. Akishashuka bandarini na kuingia vichochoroni mwa Mji Mkongwe, minara humpotea. Atapinda kona, ataulizia, na huenda akajikuta chini ya ukuta wa kanisa asijue kwamba amefika. Mwenyeji yeyote, Muislamu au Mkristo, ukimwambia Minara Miwili anajua umekusudia wapi, wala huna haja ya kulitaja jina la kanisa lenyewe, Mtakatifu Yosefu.

Jirani na minara hiyo niliwahi kusimama kumtazama mzee mmoja, mwashi, akitibu ukuta wa nyumba. Aliikwangua lipu iliyooza mpaka akafika kwenye jiwe. Akaligonga taratibu, akatega sikio, akaligonga tena mahali pengine. Kisha akalinyunyizia maji na kungoja liyanywe, akanyunyiza tena. Ukuta mkavu huinyang'anya chokaa maji yake, ikafa kabla haijashika, na fundi asiye na subira hulijua hilo masika yakishapita, lipu inapolala chini. Mzee alichota chokaa kwa mwiko, akaisukuma ndani ya matundu, na kila tundu kubwa akalijaza vijiwe, akivichagua kimoja kimoja. Watu walipita, pikipiki zikampigia honi. Hakugeuka.

Habari za kanisa zinasimuliwa kwa majina ya wakubwa. Padri Fava na wenzake walifika kutoka Réunion mwishoni mwa mwaka 1860, enzi za Sultani Majid. Wakafungua hospitali na karakana, na humo watoto waliokombolewa utumwani wakafundishwa kazi za mikono. Mapadri wa Roho Mtakatifu wakaupokea utume huo, na mwaka 1868 wakavuka kwenda Bagamoyo. Kanisa lenyewe lilijengwa katika miaka ya 1890, muongo uleule ambao mizinga ya Waingereza ililibomoa kasri la Sultani. Sura yake ni ya Kifaransa, na waliofika Marseille husema linawakumbusha makanisa ya huko. Ndani kuna vioo vya rangi, na kuta zilichorwa watu wa Agano la Kale. Hayo yote yameandikwa. Waliochoma chokaa ya mji huu, waliopanga mawe yake na kupanda majukwaa na karai kichwani, hawana hata mstari mmoja.

Nami naona wao ndio waliotuachia mji. Ramani yaweza kutoka ng'ambo kwa meli, lakini Mji Mkongwe umesimama kwa tumbawe, boriti za mikoko na chokaa, na chokaa haitaki kuharakishwa. Tumbawe lilipangwa juu ya magogo, tanuu likawashwa, moto ukalindwa usiku na mchana mpaka jiwe likalainika. Jiwe lililoiva likamwagiwa maji, likachemka, likapasuka, likawa unga mweupe unaounguza ngozi. Hapo kazi ndiyo kwanza inaanza, maana chokaa ililazwa muda mrefu ipoe na kukomaa, ndipo ikachanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Fundi aliyeijua aliipima kwa vidole. Akiiona bado, aliiacha, hata kama mwenye nyumba amesimama mlangoni anafoka.

Na sakafu! Wazee wameisimulia sana kazi ya kupiga sakafu. Chokaa na kokoto vikimwagwa juu ya boriti, watu walijipanga safu, kila mmoja na kipande chake cha mti, wakapiga kwa mdundo mmoja huku wakiimba. Walirudi nyuma hatua kwa hatua, wakigeuka pamoja, wakianza upya, kutwa nzima na siku inayofuata, mpaka sakafu ikawa ngumu na laini, maji yakimwagwa yanateleza. Nyimbo ndizo zilizopima kazi: aliyechoka alibebwa na sauti za wenzake. Wengi wa waimbaji hao, zamani zile, walikuwa watumwa. Uzuri wa sakafu zao haufuti hilo, na mimi siwezi kuusifu ufundi wao nikanyamaza kuhusu jasho lililochukuliwa bure.

Siku hizi tunanunua saruji. Mfuko unafunguliwa asubuhi, jioni ukuta unang'aa, mwenye nyumba ameridhika. Lakini ukuta wa tumbawe unapumua. Unyevu wa ardhini na chumvi ya bahari hupanda ndani yake na kutokea usoni. Ukiufunika kwa saruji, unyevu unakosa njia, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, jiwe linamung'unyika kimyakimya, na boriti iliyofungiwa mle inaoza. Nyumba inaonekana mpya kwa nje huku inakufa. Haya si siri. Mamlaka ya kuuhifadhi Mji Mkongwe ipo tangu mwaka 1985, na UNESCO iliuingiza mji katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ilianguka na kuua watu wawili. Siku zile mji mzima ulizungumza habari ya kuta. Kisha tukanyamaza.

Kinachoniuma zaidi ya mawe ni mikono. Jumba lililoanguka laweza kujengwa tena fedha ikipatikana. Lakini kuigusa chokaa na kujua kwamba bado haijawa tayari, hilo kijana hulipata kwa kukaa miaka pembeni ya mzee, akikemewa, akirudia. Na kijana gani atakaa miaka hiyo, ikiwa mwenye nyumba anamlipa mtu wa saruji kwa sababu anamaliza Ijumaa?