Matanga ya Mtu Aliye Hai

Kila ushuhuda wa mama wa mtoto mwenye usonji niliousikia Bariadi unaanza na mimba. Mama anasimama, anaweka pochi kwenye kiti, na kabla hajatutajia jina la mtoto anatuambia kwamba alihudhuria kliniki miezi yote, alimeza vidonge vya kuongeza damu, alilala ndani ya chandarua, hakunywa pombe, hakugombana na mtu. Anajifungua salama. Mtoto anakua vizuri hadi karibu mwaka wa pili, halafu maneno aliyokuwa nayo yanapotea. Hapo safari inaanza: zahanati, hospitali, mganga, maombi, tena mganga. Mume anaondoka. Mama analia, na sisi tunalia. Mwisho anamshukuru Mungu, anakishukuru kikundi, tunapiga makofi, na mwenyekiti anamwita mwingine.

Mimi ni katibu wa kikundi kimoja cha namna hiyo. Tunakutana Jumamosi moja kila mwezi katika darasa la kuazima, na kazi yangu ni kuandika. Kwa kuwa ninafundisha fasihi sekondari, sikuchukua muda mrefu kuona kwamba ninachokiandika ni utanzu, wenye mwanzo wake, kilele chake na hitimisho lake, kama vile utenzi unavyotarajiwa kuanza kwa kumtaja Mungu. Hakuna anayeuchapisha na hakuna anayeuhakiki. Ninataka kuuhakiki hapa kwa heshima ileile ninayoipa riwaya: kwa kuuliza umejengwaje, unamtumikia nani, na nani hana nafasi ndani yake.

Kwa nini msimulizi asianze na mtoto? Kwa sababu msimulizi ni mshitakiwa. Vidonge, chandarua na kadi ya kliniki ni vielelezo vya utetezi. Mashtaka hayasomwi, lakini kila aliyekaa darasani anayajua, maana ameyasikia kwa mama mkwe, kwa wifi au kwa jirani kisimani: umefanya nini, umemkosea nani, kwenu kuna nini?

Wasukuma wana majina kwa watoto waliokuja kwa namna ya pekee. Pacha ni Kulwa na Doto, anayewafuata ni Shija, aliyetanguliza miguu ni Kashinje. Jina la namna hiyo linawatuliza watu. Linasema jambo hili limewahi kutokea na lina utaratibu wake. Mtoto mwenye usonji anazaliwa kama wengine. Tofauti inapoonekana, jina limeshatolewa, na kinachotafutwa sasa ni kosa. Neno lenyewe, usonji, wengi kwenye kikundi chetu walilisikia kwa mara ya kwanza redioni, katika taarifa za tarehe 2 Aprili, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga kwa azimio la mwaka 2007. Mahali ambapo neno halijafika, swali la nani amefanya huwahi kufika, na Usukumani swali hilo si la mchezo. Limewaua vikongwe ambao kosa lao lilikuwa macho yaliyoiva kwa moshi wa jikoni.

Asije mtu akadhani hili ni la kwetu tu. Watafiti waliozungumza na wazazi na wataalamu wa pwani ya Kenya, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015, walikuta maelezo ya aina mbili yakiishi nyumba moja: mashetani, uchawi na laana upande mmoja, na upande wa pili maambukizi, matatizo ya kujifungua na urithi. Huko Marekani mashtaka yalivaa koti jeupe. Leo Kanner, daktari aliyeeleza usonji kwa kina mwaka 1943 kutokana na watoto 11, alidokeza kwamba wazazi wao walikosa uchangamfu. Bruno Bettelheim wa Chuo Kikuu cha Chicago alilipeleka wazo hilo mbali zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1967, The Empty Fortress: mtoto amejifungia ndani kwa sababu wazazi wake, na hasa mama, walikuwa baridi. Aliyesimama upande wa akina mama alikuwa Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye pia alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji. Mwaka 1964 aliandika kitabu cha kutetea kwamba chanzo ni cha kibayolojia, na mwaka 1965 akashiriki kuanzisha chama cha wazazi.

Basi huko Marekani nako wazazi walikutana wakiwa tayari wameshashitakiwa. Ukilijua hilo huwezi kuucheka ushuhuda wa Bariadi kwa kuanza na mimba. Mwanamke anayetuhumiwa ana haki ya kujitetea, na kikundi chetu ni mahali pekee ambapo utetezi wake unasikilizwa hadi mwisho.

Lakini angalia sarufi yake. Katika ushuhuda, mtoto ni yambwa. Yumo ndani ya kitenzi cha mtu mwingine, katika silabi ile moja ya -m-: nikampeleka, nikamwogesha dawa, nikamfungia ndani, nikamwombea. Unaweza kusikiliza dakika ishirini usimsikie akitenda jambo lolote isipokuwa kupiga kelele. Na wakati huo huo mtoto yumo darasani. Kwenye kikundi chetu yupo kijana wa miaka 11 asiyesema, ambaye kila mama yake anapofika sehemu ya mganga huinuka na kwenda kusimama mlangoni. Wengine huona ni usumbufu. Mimi naona ni msikilizaji anayeijua hadithi, kwa kuwa kwa mganga alikuwepo yeye mwenyewe. Asiyesema si kiziwi.

Mtu aliyeupinga utanzu huu kwa maandishi kabla yetu ni Jim Sinclair, Mmarekani mwenye usonji. Mwaka 1993, kwenye mkutano wa kimataifa wa usonji uliofanyika Toronto, Kanada, alizungumza na wazazi, na hotuba yake ikachapishwa katika jarida la mtandao wa watu wenye usonji alioshiriki kuuanzisha. Inaitwa "Don't Mourn for Us", yaani "Msituomboleze". Hoja yake ni fupi na haina sukari. Usonji si gamba ambalo ndani yake kuna mtoto mwingine wa kawaida anayesubiri kutolewa. Ni namna ya kuwa mtu. Mzazi akisema anatamani mtoto wake asingekuwa na usonji, mwenye usonji anasikia kwamba anatamaniwa mtu mwingine mahali pake. Huzuni ipo, Sinclair haikani, ila ni ya mtoto aliyetarajiwa asije. Wazazi waililie hiyo kando, kisha wamgeukie huyu aliyekuja, ambaye ni kama mgeni kutoka mbali anayehitaji mtu wa kumpokea.

Nilipoisoma mara ya kwanza niliona imeandikwa kwa ajili ya darasa letu. Kiswahili kina neno kwa jambo analolikataza Sinclair: uchuro. Kumlilia mtu aliye hai ni kumwita mauti. Hakuna mama kwenye kikundi chetu ambaye angekubali jirani aweke matanga mtoto wake akiwa na homa tu, lakini kila mwezi tunakaa, tunalia, tunatoa rambirambi, na mtoto anacheza na kifuniko cha chupa mbele yetu. Hata ile sura ya mgeni tunayo, tena yetu inakwenda hatua moja mbele: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sinclair anamwachia mgeni wake mlangoni, apokewe na apendwe. Methali inamwingiza shambani. Wilaya zetu zinalima pamba, na msimu wa kuchambua ukifika, kutenganisha pamba safi na fifi, kuna kazi ya mikono isiyohitaji maneno. Yupo binti kwenye kikundi chetu anayechambua siku nzima kwa utulivu. Si kwamba ana kipaji cha ajabu kama kwenye filamu ya Rain Man ya mwaka 1988. Anachambua kama watu wengine wanavyochambua, na hilo latosha.

Hata hivyo, hotuba hii ina mahali ambapo haitufikii. Sinclair anaichukulia huzuni kuwa jambo la ndani ya mtu, ndoto iliyovunjika, ambalo mzazi anaweza kwenda kulimaliza peke yake. Kwetu msiba haufanywi na mtu mmoja. Watu wanakuja, wanaleta unga na kuni, wanalala kwenye mikeka, wanapika, wanateka maji, na mfiwa hagusi kazi. Mama wa mtoto mwenye usonji amepata huzuni bila kupata watu. Walioondoka ni wengi kuliko waliokuja. Na mengi anayoyalilia hayahusu ndoto hata kidogo: nauli ya basi la Mwanza kupitia Lamadi, shule iliyomwambia arudi mwakani, shamba lililoota magugu kwa sababu hana wa kumwachia mtoto, na swali la nani atamtunza siku yeye akifa. Ukimwambia mtu huyu asiomboleze wakati hakuna aliyewahi kukaa naye mkekani, utakuwa umemwondolea kitu ambacho hajapewa.

La pili linanihusu mimi. Sinclair anakigawa chumba pande mbili: ninyi wazazi, sisi wenye usonji. Mwaka 1993 mgawanyo huo ulikuwa na sababu, maana wazazi ndio walioshika kipaza sauti. Lakini usonji hurithika kwa kiasi kikubwa. Tangu mwaka 1977, Susan Folstein na Michael Rutter walipochunguza jozi 21 za pacha huko Uingereza, wakina Kulwa na Doto wao, ushahidi wa urithi umezidi kuongezeka. Maana yake ni kwamba kwenye kikundi chochote cha wazazi huenda wapo ambao mstari wa Sinclair unapita katikati yao. Mimi ni mmoja wao. Daktari aliyemwona mwanangu alianza na maswali kuhusu mtoto, akaendelea kuhusu mimi, na kabla ya mwaka kwisha tulikuwa na majibu mawili katika nyumba moja.

Kwenye kikundi, jambo hilo lilikuwa na matokeo nisiyoyatarajia. Nilitoa ushuhuda wangu mara moja. Niliusema kwa mpangilio wa tarehe, sauti haikupanda wala kushuka, na sikulia. Makofi yalikuwa machache. Baadaye nilisikia imesemwa kwamba yule mwalimu ana moyo mgumu, na kwamba ndiyo maana mtoto wake yuko vile. Nilipolisikia hilo nilimkumbuka Bettelheim. Mama baridi alikuwa amerudi, safari hii ameitwa na akina mama wenyewe. Na tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kuhusu wale wazazi wa Kanner waliokosa uchangamfu. Huenda baadhi yao walikuwa na usonji pia, wakawapenda watoto wao kwa namna ambayo daktari hakuweza kuisoma usoni.

Hili ndilo kosa kubwa la utanzu wetu. Machozi ndiyo yanayothibitisha ukweli wa simulizi, na asiyelia anaonekana ama hapendi ama anaficha. Utetezi uliotungwa kuwalinda akina mama dhidi ya shutuma umekuwa wenyewe kipimo cha kushutumia.

Maandishi bora zaidi ya kikundi chetu hayamo kwenye ushuhuda. Yamo nusu ya nyuma ya daftari langu, ambako naandika yanayosemwa baada ya hisa kukusanywa, watu wakinywa chai. Humo mtoto amekuwa kiima. Analala akifunikwa kitenge cha pili. Anakataa ugali ukigusana na mboga. Anaanza kupiga kelele pikipiki ikiwa bado mbali, kwa hiyo ukimwona anaziba masikio jua kuna mgeni anakuja. Anaitika ukimwimbia, haitiki ukimwita. Hakuna kilio wala hitimisho, na mama wa mtoto mwingine anaondoka na kitu cha kujaribu usiku huohuo. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi yenye roho kama hiyo, vikao tisa vya kikundi na matembezi matatu ya nyumbani, yanayoanzia kwenye michezo na kazi za kila siku za familia. Hata hayo yanamchukulia mlezi kama anayemsoma mtoto kutoka nje. Daftari letu lina kurasa ambazo mlezi anaeleza kutoka ndani. Niliposema kwamba mimi pia sauti ya pikipiki inaniuma kwenye meno, mama mmoja aliniuliza inauma vipi, na tukazungumza kwa saa nzima kuhusu mwanawe.

Sisemi ushuhuda upigwe marufuku. Mama mpya anapofika lazima akae mkekani, tumletee unga wake na kuni zake, asikilizwe kuanzia kliniki ya kwanza. Ninachosema ni kwamba matanga yana siku ya kuanuliwa. Ndugu wanakunja mikeka, mfiwa anarudi shambani, na kuanzia hapo watu wakimkuta hawaanzi na pole. Ushuhuda wetu haujui siku hiyo. Kuna wenzetu wanaousimulia mwaka wa tano sasa kwa maneno yaleyale, na watoto wao wamebalehe wakiusikiliza.

Mwenyekiti ana hoja nzito dhidi yangu, na sina jibu lake lote. Anasema wageni wakija, awe mfadhili au ofisa wa halmashauri, machozi ndiyo yanayoleta viti, sukari na ahadi, na daftari la chai halimlizi mtu. Ni kweli. Lakini sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2010 haikuandikwa kwa ajili ya wanaolia vizuri, na asilimia 2 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kuwakopesha watu wenye ulemavu haikuwekwa iwe sadaka. Kijana anayesimama mlangoni siku moja atafikia umri wa kuomba vitu hivyo kwa jina lake. Nimeweka ajenda kwa ajili ya kikao kijacho: atakayetoa ushuhuda kwa mara ya pili aanze kwa kututajia jina la mtoto, kisha sentensi tano ambazo mtoto ndiye anayetenda. Mweka hazina ananiunga mkono. Mwenyekiti amesema tutapiga kura.